Fighi na Ngomenyi: Mahali Patakatifu pa Wataita

Somo la juma hili ni juu ya mahali patakatifu pa kale katika nchi ya Taita. Lisomwe polepole, nyumbani au katika darasa la watu wazima. Mwishoni mna maswali ya kuzungumzia.

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita kwanza katika nyika ya Taru, nchi kavu yenye miiba na udongo mwekundu. Akifika Maungu, katika kata ya Marungu, huona vilima vikiinuka. Akitazama upande wa kusini huona mlima Kasigau umesimama peke yake, kilele chake kikipita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Na mbele yake, karibu na mji wa Voi, huona mgongo wa Sagalla. Nyuma ya hiyo iko milima mikubwa ya Dawida, wakaako Wataita walio wengi. Abiria wengi hutazama dirishani mara moja, kisha wakasinzia. Waonalo ni mawe na vichaka tu.

Lakini kwa wenyeji wa zamani kila kijito, kila kijisitu na kila mwamba ulioinama ulikuwa na kazi yake na wenyewe wake. Palikuwa na mahali pa kulima, mahali pa kuchunga na mahali pa kuzika. Tena palikuwa na mahali ambapo mtu hakuingia ila kwa ruhusa, wala hakukata hata ufito. Leo twataka kujifunza juu ya mahali pa namna mbili katika hapo, yaani fighi na ngomenyi. Twataka kujua palikuwa ni mahali pa namna gani, pa kazi gani, na kwa nini yatupasa kupalinda hata sisi tusioabudu tena kama babu zetu walivyoabudu.

HABARI HIZI ZIMETOKA WAPI

Nchi hii haikuwa imefichika. Misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa tangu zamani, na vilima vya Maungu vilikuwa furaha ya wasafiri, kwani katika mashimo ya miamba yake yalituama maji ya mvua. Mwaka 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai akaenda mpaka Kadiaro, ndilo jina alilolitumia kwa Kasigau. Mwaka uliofuata alipita tena Taita akielekea Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alivuka Taru kwa kiu kali ili ayafikie maji ya Maungu. Mwaka huo huo Joseph Alfred Wray wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza alianza kazi Sagalla. Na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanza Bura mwaka 1892.

Wageni hao waliandika mengi juu ya njia, maji, chakula na vita. Lakini mambo ya ibada hayaonekani upesi na mpita njia. Tunayoyajua leo yametoka kwanza katika vinywa vya wazee wa Taita wenyewe, na pili kwa wataalamu waliokaa nao na kuwasikiliza. Miongoni mwao ni Bibi Grace Harris na mumewe Alfred Harris, waliokaa katika milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bibi Harris alitoa kitabu juu ya dini ya Wataita mwaka 1978, na jambo kubwa alilolieleza humo ni hasira na jinsi ya kuitoa moyoni. Tutalifikia jambo hilo hapa chini.

FIGHI: MLINZI WA NCHI

Fighi ni mahali pa ulinzi. Aghalabu ni kijisitu kilichoachwa bila kulimwa, mara nyingine penye njia ya kuingilia nchi au penye mpaka. Humo wazee wenye haki hiyo waliweka dawa za ulinzi na kufanya sadaka. Si kila mtu aliyeweza kuwa mlinzi wa fighi. Kazi hiyo ilikuwa ya wazee maalumu walioijua, nao waliwafundisha wengine kwa utaratibu uliowekwa.

Mtu atauliza: Fighi ililinda nini? Ilikuwa kuwalinda watu, mifugo na mashamba. Zamani hizo milima ya Taita ilikuwa kama kisiwa katikati ya nyika. Nyikani mlikuwamo wanyama wakali, na mara kwa mara walitoka humo watu waliokuja kuteka ng'ombe. Wazee walisimulia kwamba adui aliyekuja kwa nia mbaya, akifika penye fighi, macho yake hufunikwa na miguu yake hupotea njia, akazunguka mpaka akachoka. Kadhalika fighi ilitazamiwa kuzuia magonjwa na wadudu waharibifu wasiingie mashambani.

Kwa kuwa mahali hapo palikuwa pa ulinzi, palikuwa na miiko. Hapana ruhusa kukata mti, kuokota kuni, kuchunga mbuzi wala kupita ovyo. Aliyevunja mwiko alipaswa kutoa mnyama wa sadaka ili kosa liondolewe, kwani kosa la mtu mmoja lilihesabiwa kuwa ni hatari kwa wote. Basi hapa twaona jambo la kwanza la kukumbuka: fighi haikuwa mali ya mtu mmoja. Waliokaa ndani ya ulinzi wake walikuwa kama watu wa nyumba moja, hata kama koo zao zilikuwa mbalimbali. Ilikuwa ni alama ya mapatano yao.

Tena kuna faida nyingine ambayo yaonekana wazi zaidi siku hizi. Milima ya Taita ina ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Misitu mingi ya milimani imekwisha kukatwa kwa ajili ya mashamba na miti ya kupandwa. Vijisitu vya fighi ni vidogo, lakini vingi vimebaki kwa sababu ya miiko ile. Wazee hawakusema kwamba wanalinda ndege au chemchemi. Walisema wanalinda nchi. Na chemchemi, miti na ndege vikalindwa pamoja nayo.

NGOMENYI: MAHALI PA WALIOTANGULIA

Namna ya pili ya mahali patakatifu ni ngomenyi. Katika Kitaita neno hili lina maana ya mahali pa ngoma. Msomaji wa pwani asidhani kuwa ni ngoma ya kuchezwa. Ngoma hapa ni wazee waliokufa, na tena ni mafuvu yao. Katika Kiswahili cha zamani tunalo neno koma, lenye maana ya roho ya aliyekufa, na ndugu zetu Mijikenda wanalo neno hilo hilo. Maneno haya yanakaribiana sana.

Desturi ilikuwa hivi. Mtu alipokufa alizikwa kwanza kaburini. Baada ya muda, mwaka mmoja au zaidi, nyama ikiisha kuoza, jamaa walifukua kaburi, wakalitoa fuvu la kichwa, wakalisafisha kwa heshima, wakalichukua mpaka mahali pa jamaa yao. Mahali hapo palikuwa chini ya mwamba ulioinama au ndani ya pango, pasipofikiwa na mvua. Mafuvu yalipangwa safu kwa safu pamoja na ya wale waliotangulia. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake, na wenye ukoo ndio waliojua ni nani aliyewekwa pale.

Mgeni aliyeona safu za mafuvu kwa mara ya kwanza huenda alitishika, akadhani kwamba ni mabaki ya vita au ya mauaji. La, sivyo hata kidogo. Pale palikuwa kama barazani pa ukoo. Kijana aliyepelekwa na babu yake aliambiwa: Huyu ni baba yangu, na yule ni baba yake. Kwa njia hiyo alijifunza nasaba yake bila daftari. Na kwa kuwa kila ukoo uliwaweka wazee wake katika nchi yake yenyewe, ngomenyi ilikuwa pia ushahidi wa kwamba watu wale wamekaa pale muda mrefu. Hapo twaona jambo la pili la kukumbuka: ngomenyi ilimfunga mtu na jamaa yake, na jamaa na ardhi yake.

Ulipotokea ukame, au maradhi yasiyoondoka, au mfululizo wa misiba katika nyumba moja, wazee walitafuta sababu kwa mganga wa kupiga ramli, au kwa kutazama matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Ikionekana kwamba waliotangulia wamesahauliwa, wazee walikwenda ngomenyi na mbuzi au kondoo na pombe ya miwa, wakatoa sadaka na kusema nao. Hawakuwafanya waliokufa kuwa Mungu. Juu ya wote alikuwako Mlungu, Muumba. Waliokufa walikuwa ni wazee bado, wenye haki ya kukasirika wakidharauliwa, na wenye uwezo wa kuwaombea mema watoto wao.

KUTASA: KUTOA HASIRA MOYONI

Sasa tumefika penye kiini cha somo letu. Mwamba na msitu ni mahali tu. Je, walipofika hapo walifanya nini hasa? Tendo kubwa liliitwa kutasa, na dini yote ya Wataita ikaitwa Wutasi kwa jina la tendo hilo.

Mwenye kutasa alichukua pombe ya miwa, au maji matupu, akatia kinywani, kisha akapuliza nje kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kutakia heri: mvua inyeshe, mgonjwa apone, mifugo izae, watoto wakue. Kwa macho ni jambo dogo sana. Lakini maana yake ni kubwa. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni yaweza kumdhuru mwingine, hata kama mwenye hasira hakusema neno wala hakuinua mkono. Baba aliyekasirikiwa na mwanawe, au shangazi aliyenyimwa haki yake, angeweza kuwa sababu ya mtoto kuugua. Kadhalika hasira yaweza kutoka kwa waliokufa, kwa mahali patakatifu palipovunjiwa mwiko, au kwa Mlungu mwenyewe.

Basi dawa haikuwa kumpiga mwenye hasira wala kumfukuza. Dawa ilikuwa kumtafuta, kumsikiliza, na kama amedhulumiwa kumlipa haki yake. Kisha yeye mwenyewe atoe hasira yake nje kwa kutasa mbele ya watu. Maji yakitoka kinywani, na kinyongo kimetoka moyoni. Wala haikufaa kufanya kwa midomo tu. Mtu aliyetamka heri na huku moyo wake umejaa uchungu alihesabiwa kuwa hakufanya kitu.

Fikiri sasa, msomaji, jinsi jambo hili lilivyofaa katika vijiji vya milimani, ambako shamba la mtu na la jirani yake hutenganishwa na mfereji wa maji tu. Watu wasiopatana hawawezi kugawana maji. Kabla ya kwenda kuomba mvua ngomenyi ilipasa kwanza wenye ugomvi wapatane, kwa maana wazee wenye kinyongo wao kwa wao hawawezi kuomba kwa kinywa kimoja. Kwa hiyo sala ya mvua ilianza kwa amani ya nyumbani, nayo ilizaa matunda hata kabla ya wingu kuonekana.

SI KILA PANGO NI PATAKATIFU

Hapa yafaa tutoe onyo kwa wenye kupenda kuchunguza mambo ya kale. Watu wakisikia habari hizi huanza kudhani kwamba kila pango lenye ukuta au chungu kilichovunjika lilikuwa hekalu. Sivyo.

Chini ya mlima Kasigau, karibu na kijiji cha Bungule, wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Profesa Chapurukha Kusimba waliyachunguza mapango yaliyozibwa kwa kuta za mawe. Kazi yao katika nchi ya Tsavo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mapango hayo yalikuwa maficho. Biashara ya watumwa ilipoenea katika nyika, watu wa Kasigau walijenga kuta mbele ya mapango ili wajifiche humo pamoja na mali zao. Ukuta wa namna hiyo wasimulia habari ya hofu, wala hausimulii habari ya ibada.

Basi mtu atatambuaje? Kwanza atazame vitu vilivyomo: majivu ya jikoni, mifupa ya chakula na mavi ya mifugo ni dalili za makao au zizi. Pili atazame mahali penyewe: je, pamefichwa na kuimarishwa, ama pameachwa wazi pasipo mlango? Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, awaulize wenyeji. Jiwe peke yake haliwezi kusema ni kwa ajili ya nani liliwekwa. Asiyejua aulize.

MWAKA WA 1915

Thamani ya mahali patakatifu huonekana zaidi watu wanapoondolewa hapo. Habari ya watu wa Kasigau yatufundisha hivyo.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, mpaka kati ya nchi ya Waingereza na nchi ya Wajerumani ulikuwa karibu na Kasigau, na majeshi ya Wajerumani yalikuwa yakivuka nyika kwenda kuharibu reli. Mwezi wa Agosti 1915 Wajerumani waliishambulia kambi ya Waingereza iliyokuwako Kasigau. Baada ya hapo wakubwa wa Serikali ya Waingereza waliwashutumu wenyeji kwamba wamemsaidia adui, wakawaondoa wote mlimani, wanaume, wanawake na watoto, wakawapeleka pwani mpaka Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani walikutana na joto, njaa na homa ya malaria, na wengi wakafa huko. Waliosalia hawakurudi katika nchi yao upesi. Ilipita miaka mingi, hata wakarudi Kasigau katika miaka ya 1930. Leo vijiji vyao vinauzunguka mlima: Rukanga, Jora, Kiteghe, Makwasinyi na Bungule.

Tuwafikiri watu wale. Mtu anayeondolewa kwake aweza kubeba mtoto, chungu na jembe. Hawezi kubeba mwamba wa wazee wake, wala kijisitu kilicholinda mpaka wake. Waliokufa Malindi walizikwa katika mchanga wa ugenini, mbali na safu za baba zao. Na watoto waliozaliwa huko walikua bila kuonyeshwa: Huyu ni babu yako, na yule ni baba yake. Mtu akisoma habari hii ataelewa kwa nini wazee wa Kasigau waliorudi waliona kwamba wamerudishiwa zaidi ya mashamba.

JIRANI ZETU NA WENGINE WA MBALI

Wataita si watu wa pekee katika jambo hili. Ukishuka pwani utaona kaya za Mijikenda. Kaya ilikuwa kijiji chenye ngome ndani ya msitu mnene, na katikati yake lilizikwa fingo, yaani kitu cha ulinzi wa watu wote. Msomaji atajionea jinsi fingo na fighi yanavyofanana kwa sauti na kwa kazi. Watu waliondoka polepole katika kaya wakaenda kukaa nje, lakini misitu iliendelea kuheshimiwa na kutunzwa na wazee. Mwaka 2008 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliandika misitu hiyo ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukienda kaskazini, magharibi ya ziwa Turkana, iko Lothagam, mahali penye nguzo za mawe zilizosimamishwa na wafugaji yapata miaka 5,000 iliyopita. Wachunguzi walikadiria kwamba chini yake walizikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake na watoto. Huko Uingereza nako yako mawe makubwa yaitwayo Stonehenge, yaliyopangwa kwa kufuata jua lichomozapo siku iliyo ndefu kuliko zote katika mwaka. Watu kutoka nchi nyingi huenda kuyatazama.

Lakini angalia tofauti moja. Mawe ya Lothagam na ya Stonehenge yamebaki, bali maneno yake yamepotea. Hapana mtu aliye hai awezaye kusema ni sala gani iliyosemwa pale, wala ni nani aliyeruhusiwa kuingia, wala mwiko ulikuwa nini. Wataalamu hupima, huchimba na kukisia. Huku Taita maneno hayajapotea yote. Wako wazee ambao bado wajua jina la mwamba, jina la ukoo wake na sababu ya mwiko wake. Hii ni mali ambayo Uingereza, pamoja na utajiri wake, haiwezi kuinunua tena.

HATARI ZA SIKU HIZI

Desturi ya kuyahamisha mafuvu ilikoma polepole katika karne ya 20, Wataita wengi walipoingia katika Ukristo na wengine katika Uislamu, na maziko ya kaburini yakawa ndiyo desturi. Jambo hilo si la kulalamikia hapa. Kila mtu na imani yake. Lakini limeleta hatari moja, kwamba kijana asiyefundishwa habari za mahali hapo atapaona kuwa ni mawe na mifupa tu, na atakayetaka kuchukua atachukua.

Yaliyowapata jirani zetu Wagiriama ni funzo. Wao huwachongea wazee wa chama cha Gohu nguzo za mbao ziitwazo vigango, na kuzisimamisha kwa ukumbusho wao. Kigango kikiisha kusimamishwa hakiondolewi. Hata hivyo vingi viliibwa usiku, vikauzwa kwa wachuuzi wa vitu vya sanaa, vikafika Marekani, vikawekwa katika nyumba za matajiri na katika makumbusho. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa Kenya kutoka katika makumbusho mawili ya Marekani, na wenyewe wakavipokea kwa shangwe. Lakini viwili ni vichache mno kati ya vile vilivyokwenda.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yakataza kuviondoa vitu vya kale bila kibali, na yamtaka avumbuaye mahali pa kale au kitu cha kale atoe taarifa. Sheria ni njema. Lakini askari hawezi kukaa penye kila mwamba wa Taita. Mlinzi wa kweli ni mwenyeji ajuaye.

MAMBO YATUPASAYO

Kwanza, ukifika mahali panaposemwa kuwa ni fighi au ngomenyi, usiingie bila mwenyewe. Ukiingia kwa ruhusa, usiguse wala usihamishe kitu. Fuvu likisogezwa mahali pake limepoteza jina lake, na hapana atakayelirudisha.

Pili, usikate mti wa fighi kwa kusema kwamba wewe huamini mambo ya zamani. Kivuli chake na maji yake havikuulizi dini yako.

Tatu, waulize wazee wako mapema. Mwulize babu au bibi majina ya mahali, miiko yake, na nani aliyekuwa mlinzi wake. Uyaandike katika daftari pamoja na jina la kijiji, ukiheshimu neno atakaloomba lisiandikwe. Yako mambo ya siri ambayo ni haki ya wazee kuyanyamazia.

Nne, Mkristo au Mwislamu asiogope kujifunza. Kujua si kuabudu. Tena katika kutasa liko neno ambalo dini zetu zote zalikubali: asiende mtu mbele ya Mungu kuomba heri huku amemfungia ndugu yake moyo.

Ndugu msomaji, safari nyingine upitapo Maungu, usisinzie. Tazama kusini, kule Kasigau, ukumbuke kwamba chini ya miamba kama ile watu walikwenda kupatana kabla ya kuomba mvua. Mwamba utakaa miaka mingi bila msaada wetu. Maneno yake ndiyo yenye kuhitaji mtu wa kuyapokea.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Fighi na ngomenyi zatofautianaje? Kila moja iliwafunga watu kwa kitu gani?

2. Kwa nini kutasa kwa midomo tu hakukufaa? Katika kijiji chenu, watu wenye ugomvi hupatanishwaje?

3. Je, utatambuaje kama pango lilikuwa mahali pa ibada au mahali pa kujificha?

4. Watu wa Kasigau walipoondolewa mwaka 1915, waliacha nini wasichoweza kukibeba?

5. Taja mahali pamoja pa kale katika nchi yenu. Nani ajuaye habari zake, na utamwuliza lini?